Mabenchi Yatazamanayo

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Usia huo ulinirejea pale jirani yangu mmoja wa hapa Unguja alipoiegesha nyuma ya nyumba yake gari ya mbao iliyochakaa, akaanza, yeye na mwanawe, kuitengeneza ndani kwa mikono yao. Kijana alitaka mabenchi ya ubavuni yang'olewe, vitiwe viti vya sponji vinavyotazama mbele. Mzee alikataa katakata. Ugomvi wao ulikuwa mdogo, lakini ndani yake mna tarikhi.

Gari ya mbao haikutoka kiwandani ilivyo. Kilicholetwa kwa meli kilikuwa lori tu. Miongoni mwa malori hayo yalikuwamo ya Bedford, aina iliyoanza kuundwa Luton, Uingereza, mwaka 1931, na ambayo kampuni mama iliacha kuiunda mwaka 1986. Baadaye yakaja ya Kijapani. Mwili wa abiria ulijengwa hapa hapa na maseremala wetu: nguzo za mbao, paa la kubebea vikapu na mikungu ya ndizi, pande zilizo wazi ili upepo upite, na turubali la kuteremshwa mvua inyeshapo.

Benchi la ubavuni nalo lilikuwa na sababu zake. Liliacha katikati wazi kwa magunia. Halikuhitaji vifaa vingi. Na kwa kuwa halikugawanywa, daima palipatikana nafasi ya mtu mmoja zaidi. Ng'ambo, mjini Dar es Salaam, gari za mpango huo ziliitwa chai maharage katika miaka ya 1970, kwani abiria walikaa wakitazamana mithili ya walaji mezani pa mgahawa. Mwaka 1983 gari za watu binafsi ziliporuhusiwa rasmi mjini humo, jina la daladala, litokanalo na dala, yaani sarafu ya shilingi tano, ndilo lililotamalaki.

Lakini mpango uliozaliwa na uhitaji ulizaa adabu. Aingiaye hutoa salamu, na mabenchi mawili humwitikia kwa pamoja. Mtoto hupakatwa na asiyemjua. Habari ya msiba, bei ya karafuu na mafumbo ya kanga husafiri kwa goti kugusana na goti. Katika basi la viti vya kutazama mbele, abiria huona visogo tu.

Basi kazi ikaendelea. Walichokonoa kila ubao kwa bisibisi. Iliyozama, ubao ulikuwa umeoza. Chumvi ya bahari ilikuwa imeila misumari, na kutu ilipovimba ikapasua mbao. Badala yake walitia skrubu zilizopakwa zinki. Rangi kuukuu waliilowesha kabla ya kuikwangua, kwani rangi za zamani huweza kuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu. Chini ya buluu palikuwa na kijani, na chini ya kijani, nyekundu: kila mmiliki alikuwa ameandika ukurasa wake.

Hatimaye walipatana. Mabenchi yalibaki, yakafungiwa kwa kamba mito myembamba ya reksini inayoweza kuvuliwa na kuanikwa. Taa na redio zikawa fungu la kijana. Mzee hakuwa adui wa raha, wala kijana hakuwa adui wa kale.

Leo mabasi madogo yanazidi kushika njia za gari hizi, na si haki kumlaumu abiria apendaye kukaa vizuri. Ila ashikaye bisibisi na aulize kwanza, kabla hajang'oa: kitu hiki kilifanya kazi gani? Siku gari ilipotoka, bibi mmoja alipanda na kikapu chake, akatoa salamu. Pande zote mbili zikamwitikia. Nilimtazama yule kijana, alikuwa akitabasamu.