Kiporo cha Miaka ya Foleni

Lugha yetu ni makini sana inapotaja chakula kilichobaki. Makombo ni yale yaliyosalia sahanini baada ya mlaji kunyanyuka, yaliyokwisha kuguswa na mkono wake, na kumkaribisha mtu mzima makombo ni kumvunjia heshima. Ukoko ni ule wali au ugali ulioshika chini ya sufuria. Kiporo ni jambo jingine kabisa. Kiporo ni chakula kilichopikwa, kikasazwa, kikafunikwa na kulazwa kwa ajili ya kesho. Unguja wanakiita mwiku. Hakuna fedheha katika kiporo. Mtoto aliyekwenda shule na kiporo cha wali tumboni, na kikombe cha chai juu yake, alihesabiwa kuwa katoka nyumba inayojiweza. Nayatenganisha maneno haya mapema kwa sababu historia ninayotaka kuisimulia ni ya wanawake waliopigana miaka kumi na zaidi ili kiporo cha nyumba zao kisishuke daraja kikawa makombo.

Vitabu vilivyoandikwa juu ya uhaba wa bidhaa Tanzania, tangu katikati ya miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980, huanzia juu na hubaki hukohuko juu. Vinaeleza ukame wa 1973 na 1974, operesheni ya kuwahamishia watu vijijini, kupanda kwa bei ya mafuta ya petroli, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Vinaeleza jinsi Shirika la Biashara la Taifa lililoundwa 1967 lilivyovunjwa mwaka 1973 na nafasi yake kuchukuliwa na kampuni za biashara za mikoa, zile RTC. Yote hayo ni kweli na sina ugomvi nayo. Lakini msomaji akizimaliza kurasa zote hizo bado hajui watu walikula nini Jumatano.

Wala uhaba haukuanza na Azimio la Arusha, kama wanavyopenda kudai baadhi ya wazee wa vijiweni. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Burma, na mchele uliokuwa ukiletwa pwani yetu kutoka huko ukakatika. Serikali ya kikoloni ikaanzisha mgawo, Dar es Salaam na Unguja, na mgawo wenyewe ulimtazama mtu rangi na asili yake: Mhindi alihesabiwa kuwa mla wali na ngano, Mwafrika mla mahindi na muhogo. Mswahili wa pwani aliyekula wali tangu kuachishwa ziwa akajikuta kaandikiwa sembe. Ndiyo maana bibi zetu walipouona mgawo wa zama za uhuru hawakubabaika sana. Kilichowashangaza ni kwamba safari hii foleni haikubagua rangi. Kwa kujuana, naam, ilibagua.

Kisha ukaja unga wa yanga. Mahindi ya njano ya msaada, mengi yakiwa ya Marekani, yaliingia nchini baada ya ukame ule na yakarudi tena miaka ya 1980, na watu wakayabandika jina kwa rangi ya jezi za klabu ya Jangwani. Sijui utani wa mashabiki wa Simba ulichangia kiasi gani katika kuuchukia unga huo, lakini ulichukiwa. Ilisemwa ni chakula cha ng'ombe, ilisemwa una harufu, ilisemwa unaharibu matumbo. Kejeli yake ni kwamba mahindi ya njano yana kirutubisho ambacho mwili hukigeuza vitamini A, na mahindi meupe hayana. Tulikula kwa manung'uniko chakula kilichokuwa bora kuliko tulichokililia. Lakini lishe haiondoi karaha, na mpishi aliyekuwa na yanga peke yake ghalani alilazimika kufanya kazi ya ziada ili wanawe wale. Mama yangu aliuchanganya na unga wa muhogo, nusu kwa nusu, rangi ikafifia na ugali ukavutika kidogo. Uliobaki usiku ulifikichwa asubuhi ndani ya maji ya moto ukawa uji. Na kimea cha ulezi kilipopatikana, uliishia kuwa togwa, na katika togwa hakuna aliyeuliza rangi.

Tulikuwa watu tisa katika nyumba ya Magomeni, na mshahara ulikuwa mmoja. Utaratibu wa mama ulikwenda kinyume na ule wa vitabu vya mapishi. Kitabu hukutajia chakula, kikakupa orodha ya mahitaji, ndipo ukaenda dukani. Yeye alianza kabatini. Alitazama kilichopo, akatazama kitakachoharibika mwanzo, ndipo akajua tutakula nini. Na dukani alikwenda bila kujua kitakachouzwa. Watu waliingia foleni kwanza na kuuliza baadaye. Waliochoka kusimama waliacha jiwe au kikapu kishike nafasi, na jiwe la mtu liliheshimiwa kama mwenyewe. Ukifika dirishani ukakuta ni sabuni, ulichukua sabuni hata kama nyumbani ipo, kwa sababu jirani ana sukari na hana sabuni. Kwa hiyo lile kabati lilikuwa stoo, na pia lilikuwa benki: chumvi, viberiti na sabuni za mche vilikaa humo kama fedha za kigeni.

Maharage ndiyo yaliyobeba juma. Yalilowekwa usiku kucha ili yasimalize mkaa, na mafuta ya taa yalipoadimika alitia magadi kidogo yaive upesi, ingawa alijua magadi yakizidi yanaharibu ladha. (Wataalamu wanasema yanaharibu na baadhi ya vitamini, ila wataalamu hao hawakuwa wakinunua mkaa.) Chungu kimoja cha Jumapili kililiwa siku tatu. Siku ya kwanza yaliungwa kwa nazi. Siku ya pili yalipondwa pamoja na viazi vitamu au ndizi mbichi. Siku ya tatu ule mchuzi mzito uliobaki ulipikiwa mchicha. Kila jioni na kila alfajiri chungu kilichemshwa mpaka kikatokota, kikafunikwa, na ole wake aliyekifunua kabla ya wakati au kuchota kwa kijiko kilichokwisha kutiwa mdomoni. Alituambia maharage yana wivu, yakichunguliwa yanachacha. Leo tungesema kuchemsha kunaua vijidudu na kifuniko kinazuia vingine visiingie, lakini kwa watoto neno wivu lilifanya kazi vizuri zaidi.

Wali ulikuwa na sheria nyingine. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakuwa wakiuzungumzia wali wa nazi. Wali uliotiwa tui haukulazwa katika nyumba yetu hata siku moja wakati wa joto la Februari. Ulipigiwa hesabu ya vinywa na ukaisha. Uliolazwa ni ule mweupe, ukatandazwa kwenye sinia upoe haraka kabla ya kufunikwa. Sayansi inaiunga mkono tahadhari hiyo, maana katika wali ulioachwa kwenye joto kuna vijidudu vinavyotengeneza sumu, na kuupasha moto asubuhi hakuiondoi sumu hiyo.

Kitoweo kilitoka mbali. Nduguze mama wa upande wa Shinyanga walituma kwa reli ya kati magunia ya michembe, makopa na nsansa, na safari nyingine dagaa wa Kigoma waliopitia mikononi mwa mtu anayemjua mtu. Wenyeji wa pwani walikuwa na papa mkavu na ng'onda wao. Msomaji wa leo mwenye jokofu anaweza kusahau kwamba jua, chumvi na moshi ndivyo vilivyokuwa jokofu la nchi hii kwa karne nyingi, na kwamba mji wa Dar es Salaam katika miaka ile mibaya ulikula akiba za kijijini. Na hata akiba hizo zilivamiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mdudu mgeni kutoka Amerika ya Kati aliingia Tabora, akatambuliwa rasmi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakulima walimwita dumuzi. Wengine walimwita Scania, kwa jinsi alivyosaga kama lori. Majivu yaliyofukuza fukusi hayakumtisha. Alitoboa mahindi ndani ya magunzi, akatoboa na makopa, akaacha vumbi. Mwaka mmoja gunia lililotufikia lilikuwa jepesi hata mchukuzi wa stesheni akalicheka. Mama alilimwaga uani, akachekecha, akapata labda theluthi. Hakusema neno mpaka jioni.

Jokofu lilikuwepo mtaani, moja, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Halikuwa la kuhifadhia chakula cha mwenye nyumba. Lilikuwa la biashara: barafu za ukwaju na ubuyu kwa watoto wa shule, maji baridi kwa wapita njia, na mabonge ya barafu kwa wenye harusi. Samaki wa majirani waliruhusiwa kulala humo kwa hisani, kila mfuko umefungwa kamba ya rangi yake, na hisani hiyo ililipwa kwa kipande cha samaki bila mtu kutaja malipo. Wengi wetu tulipata majokofu yetu wenyewe baadaye kabisa, tukakutana na mgawo wa umeme wa miaka ya 1990 na ule mkali wa 2006, tukajifunza kwamba nyama ya Idi iliyoyeyuka ni lazima ipikwe yote siku hiyohiyo na kupelekwa kwa jirani kabla jirani hajaleta yake. Jambo moja silipendi katika jokofu: linaficha. Kabatini jicho linaona kopo linakwisha. Chini ya barafu mfuko hukaa mwaka mzima, ukafunguliwa na mtu asijue ni kuku au ni mhogo.

Hayo yote ni ufundi. Kulikuwa na hofu pia, na hofu ilifikia kilele mwaka 1983. Mwishoni mwa Machi mwaka huo ilianza kampeni dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, na sheria maalumu ikapitishwa. Waliokamatwa walikuwa maelfu. Bidhaa zilizofichwa zilitoka mafichoni, na nyingine zilitupwa usiku vichakani na baharini na watu walioogopa kukutwa nazo. Sitaki kuwatetea walanguzi. Walikuwepo, na baadhi yao walinenepa kwa njaa yetu. Ila swali lililoingia jikoni halikuwa la walanguzi. Lilikuwa hili: akiba inaishia wapi, na ulanguzi unaanzia wapi? Mwanamke mwenye kilo sita za sukari chini ya uvungu, alizozikusanya robo kwa robo kwa ajili ya matanga au Ramadhani, alikuwa mweka akiba au mhujumu? Hakuna aliyeweza kumhakikishia. Lile jambo ambalo mama na bibi walilifundisha kuwa ndiyo akili ya mwanamke, kwamba kabati lisiwe tupu, kwa miezi kadhaa liligeuka kuwa ushahidi. Nyumbani kwetu kulikuwa na debe moja la mafuta ya kula. Liligawanywa katika chupa na vibuyu, zikasambazwa kwa mashoga wanne wa mama mitaa mbalimbali, na nne zote zilirudi. Katika mambo yote ya zama zile, hilo la chupa kurudi ndilo ninalolistaajabia zaidi.

Wanaume wa rika langu wakikutana huikumbuka miezi 18 ya kufunga mkanda baada ya vita kwa namna ya fahari. Husema tulikuwa hatutupi chakula, tulikuwa na nidhamu, watoto wa leo wanamwaga wali. Nawasikiliza, na kwa sehemu wanasema kweli. Lakini huwa nauliza ni nani aliyekula ukoko. Kimya kidogo hufuata. Sinia la baba lilitengwa kwanza, kisha la watoto, na mpishi alibaki jikoni ati anasafisha sufuria. Alikuwa akizisafisha kwa kula kilichoganda. Mama yangu alipenda kusema ukoko una utamu ambao wali hauna, nasi tukaamini, tukawa hata tunamuonea wivu. Nilipokuwa na nyumba yangu, na sufuria ikijaa, nilimpa ukoko kwa heshima na mapenzi. Akacheka, akausogeza kando, akachota wali.

Mwaka 1984 serikali iliondoa ruzuku ya sembe na kuruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa walizipata wapi. Novemba 1985 Mwalimu aling'atuka, Mzee Ali Hassan Mwinyi akashika nchi, na mwaka uliofuata makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa yakatiwa saini. Maduka yakajaa sabuni za kila harufu. Kabati la mama halikubadilika, iliyogeuka ni hesabu. Zamani fedha ilikuwepo na kitu cha kununua hakipo. Sasa kitu kilikuwa mbele ya macho na mshahara haukufika tarehe 15. Akaanza kukaanga maandazi alfajiri na kuyauza kibarazani. Yale yaliyobaki jioni tulikula sisi, na yaliyolala aliyakata vipande, akayatia tui na hiliki. Shuleni tulikwenda tumeshiba.