Kengele ya Masasi: Jinsi Waliotutangulia Walivyosali Siku za Taabu

Mwaka 2026 watimiza miaka 100 tangu Masasi kupewa Askofu wake wa kwanza, Vincent Lucas, na miaka 150 tangu Wakristo wa kwanza kufika chini ya majabali yake. Jubilei ni siku ya shangwe, nasi twashangilia. Lakini twapenda kuwakumbusha wasomaji, hasa walimu wanaowafundisha watoto habari hizi, ya kuwa furaha ya wazee wetu haikuota katika shamba lililolimwa vizuri. Katika muda usiotimiza miaka 40, mara tatu kazi yote ilielekea kufa, na mara tatu watu walirudi kusali. Walipata wapi moyo wa kurudi?

Mwezi wa Oktoba, mwaka 1876, Askofu Edward Steere aliondoka Unguja pamoja na watu waliokombolewa katika utumwa, wanaume kwa wanawake, wakashika njia ya Lindi. Nia yao ilikuwa kwenda mpaka pande za Nyasa, maana wengi walichukuliwa huko wangali wadogo. Hata walipofika Masasi, wakaiona nchi ina maji na udongo mzuri, tena wakasikia ya kuwa mbele hakuna amani. Wakapenda kukaa. Askofu akawasaidia kuanza kijiji, kisha akarudi Unguja kwenye kazi yake. Huko alikuwa akilijenga kanisa kuu mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873.

Tufikiri kidogo watu hawa walikuwa nani. Walinyang'anywa baba na mama, wakatembezwa hata pwani, wakauzwa au wakakamatwa na manowari za Waingereza baharini. Makabila yao yalikuwa mbalimbali, na lugha iliyowaunganisha ni Kiswahili walichojifunza Unguja. Mtumwa hana saa iliyo yake: huamshwa, hutumwa, hulazwa. Masasi kengele ilipolia asubuhi, iliwaita watu walio huru. Kweli, kijiji cha Misioni kilikuwa na sheria zake, lakini hakuna sheria iwezayo kumlazimisha mtu kuimba kwa moyo. Twadhani mwanzo wa furaha yao ulikuwa hapo, kwamba kwa mara ya kwanza katika maisha yao walikuwa na kitu cha kutoa ambacho hakikuwa mali ya bwana mwingine. (Mwalimu apendaye kuwasukuma watoto kanisani kwa fimbo na alifikiri neno hili.)

Jambo la pili walilokuwa nalo ni sala katika lugha waliyoifahamu. Askofu Steere alifasiri Zaburi, sala na sehemu kubwa ya Maandiko kwa Kiswahili, wala hakufanya kazi ile peke yake. Wako Waswahili waliomsaidia, ambao majina yao hayatajwi sana katika vitabu, nasi twaona ni vibaya kuwasahau. Kazi yao ilileta faida ambayo labda wao wenyewe hawakuitazamia. Misa haiwezekani bila padre, lakini Sala ya Asubuhi na Sala ya Jioni zaweza kuongozwa na mwalimu, hata na baba wa nyumba, maadamu ajua kusoma. Kwa hiyo padre akiugua au akifa au akifungwa, kengele yaweza kulia vilevile.

Tena, katika desturi ya kale ya Kanisa la Uingereza, Zaburi zote 150 hugawanywa katika siku 30 za mwezi, asubuhi na jioni. Mtu hachagui Zaburi ya kumpendeza. Huipokea ya siku. Siku ya 17 asubuhi huja Zaburi ya 88, ambayo yaanza kwa kilio na kuishia gizani, pasipo neno moja la faraja mwishoni. Tumewasikia wengine wakisema Zaburi hii isisomwe kanisani, kwa sababu yahuzunisha. Sisi twaona kinyume. Mwenye huzuni akikuta huzuni yake imekwisha kuandikwa katika Kitabu kitakatifu, hajioni tena ametupwa. Na jioni ya siku iyo hiyo huja Zaburi ya 89, nayo yaanza kwa kuimba. Huanza kwa kuimba tu. Katikati yake malalamiko hurudi tena. Ndivyo maisha ya wazee wetu yalivyokuwa, nao walifundishwa kusali hivyo, bila kusema uongo mbele za Mungu.

Mafundisho hayo yalijaribiwa upesi. Mwezi wa Agosti mwaka 1882 Askofu Steere alifariki Unguja. Mwezi uliofuata, Septemba, Wangoni, ambao watu wa pande hizi waliwaita Magwangwara, waliishukia Masasi. Kijiji kikachomwa moto, watu wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Waliokwisha kukombolewa mara moja waliingia tena katika kamba! Mapadre walitoa mali ili kuwarudisha mateka, na baadhi yao wakarudi. Wako wasioonekana tena. Padre Chauncy Maples akaihamisha kazi Newala, kwa mfalme Matola, na kwa muda Masasi pakabaki kama pahame. Asemaye ya kuwa Wakristo wote waliimba siku zile, asidanganye watoto. Walilia. Lakini Newala walijenga tena kanisa la miti na nyasi, na Sala ya Jioni ikaendelea, na baada ya miaka michache Masasi penyewe pakafufuka. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa naye, akapewa daraja ya upadre, wa kwanza kati ya Waafrika wa Misioni hii. Alifanya kazi miaka mingi Chitangali, na mkono wa mtu aliyewahi kuuzwa ukawagawia wengine mkate wa uzima.

Mara ya pili ilikuwa Majimaji, mwaka 1905. Mwishoni mwa Agosti vita vilifika pande zetu. Misioni ya Wabenedikti Nyangao ikaharibiwa, na Masasi ikateketezwa, kanisa na nyumba. Wazungu wakakimbilia pwani. Hapa twaomba wasomaji wawe na haki katika kusema. Waliokuja na moto hawakuwa mashetani; walikuwa watu waliochoshwa na kodi, na kazi ya nguvu, na viboko vya serikali ya Kidachi, na Misioni ilionekana machoni pao kuwa nyumba ya Wazungu kama boma. Vita vilipokwisha, njaa iliua wengi kupita risasi. Katika kanisa lililojengwa upya walipiga magoti pamoja watu waliofiwa upande huu na upande huu. Kusali na mtu ambaye labda ndugu yake alichoma nyumba yako ni kazi ngumu kuliko kujenga ukuta, nasi twaihesabu kuwa ushindi mkubwa kuliko jengo.

Mara ya tatu ni Vita Kuu, tangu 1914. Waingereza wa Misioni walikamatwa na Wadachi na kufungwa. Mapadre na walimu Waafrika wengi walishukiwa kuwa wapelelezi, wakateswa. Waliofungwa Tabora walifunguliwa Wabelgiji walipoutwaa mji ule mwezi wa Septemba 1916. Lakini kusini vita viliendelea mpaka mwisho wa mwaka 1917, jeshi la Wadachi lilipovuka Ruvuma. Chakula kikachukuliwa, wanaume wakatwaliwa kuwa wapagazi. Siku zile parokia zilikuwa mikononi mwa mapadre na walimu Waafrika, bila mshahara wa kutegemea na bila Askofu wa kuwatembelea. Ndipo kile Kitabu cha Sala kilipoonyesha faida yake yote. Wazungu waliporudi walilikuta Kanisa likiwa hai, na kwa kweli wengine walistaajabu, jambo ambalo latustaajabisha sisi.

Ya baadaye yajulikana zaidi, nasi hatutayarefusha. Lucas, aliyefika Masasi kabla ya Vita Kuu, pamoja na mapadre Waafrika waliomwonyesha njia, aliiweka jando chini ya sala za Kanisa, ili vijana wasiache furaha ya wazee wao mlangoni. Wako waliomsifu na wako waliomlaumu, na maneno hayo hayajakwisha hata leo. Mwaka 1926 akawekwa Askofu.

Walimu wapendwa, majina mengi ya waliopiga kengele katika miaka ile mitatu ya moto hayamo katika kitabu chochote. Kama nyumbani kwenu iko barua ya zamani, au Kitabu cha Sala chenye majina yaliyoandikwa kwa mkono katika ukurasa wa kwanza, au bibi akumbukaye aliyosimuliwa na bibi yake, tafadhali mwambieni padre wenu, ayaandike upesi.