Magnetosfia

magnetosfia nm [i-/zi-] Eneo la anga za juu linaloizunguka dunia au sayari nyingine, ambamo mwendo wa chembe zenye chaji hutawaliwa na uga wa sumaku wa sayari hiyo. *~ ya nje*: sehemu iliyo mbali na dunia, inayopakana na upepo wa jua.

Maelezo
Upande wa mchana, upepo wa jua huibana magnetosfia hata mpaka wake ukawa takriban kilomita 64,000 kutoka kitovu cha dunia. Upande wa usiku huivuta ikawa mkia mrefu unaopita obiti ya mwezi. Magnetosfia ya nje imechunguzwa na makundi ya setilaiti: Cluster (nne, 2000), THEMIS (tano, 2007) na MMS (nne, 2015). Kundi huhitajika kwa kuwa chombo kimoja kinachosafiri hakiwezi peke yake kubainisha kama badiliko kilichopima limeletwa na wakati au na mahali.

Magnetosfia ya ndani ilichunguzwa na Explorer 45, iliyorushwa tarehe 15 Novemba 1971 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Kenya. Ilipima mkondo wa umeme unaoizunguka dunia juu ya ikweta, ambao huongezeka nguvu wakati wa dhoruba za sumaku.

Matumizi
1. *Magnetosfia* si *uga wa sumaku*. Uga ni athari ya sumaku yenyewe. Magnetosfia ni eneo. Itetemia, karibu na Tabora, kwenye njia ya kale ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, sindano ya dira huelekezwa na uga wa sumaku. Dira hiyo imo ndani ya uga, lakini haimo ndani ya magnetosfia, ambayo huanzia mamia ya kilomita juu yake. Hata hivyo, dhoruba ya huko juu huweza kuudhoofisha kidogo uga wa hapa chini.

2. Tafsiri *angahewa ya sumaku* iepukwe. Neno *angahewa* hudokeza hewa, nayo katika magnetosfia karibu haipo kabisa.

3. Upatanisho: *magnetosfia imebanwa*, *magnetosfia zimebanwa*, lakini *uga umedhoofika*, *nyuga zimedhoofika*.

Mfano
*Dhoruba ilipotokea, magnetosfia ilibanwa na uga wa sumaku ulipimwa Tabora.*

Taz. dira, setilaiti, sumaku, uga, upepo wa jua.