Kumhamisha mbwa au paka nje ya nchi: Maandalizi huanza miezi mitano kabla ya safari

Na Mwandishi Wetu, Kibiti

MKAZI wa Mbuchi, katika delta ya mto Rufiji wilayani Kibiti, mkoani Pwani, anapopata kazi, masomo au ndoa nje ya nchi, hufikiria kwanza pasipoti, viza na nauli. Iwapo nyumbani kwake kuna mbwa au paka ambaye hataki kumwacha, hesabu hiyo haitoshi. Hati za mnyama huweza kuchukua muda mrefu kuliko za mwenyewe, na hatua moja ikitangulizwa mahali pasipo pake, kazi yote hurudiwa tangu mwanzo au mnyama hubaki.

Wakulima wa mpunga kandokando ya Rufiji huwategemea mbwa katika kulinda mashamba dhidi ya nguruwe pori na nyani, na paka ndiye mlinzi wa ghala dhidi ya panya. Mnyama wa namna hiyo ana thamani kwa mwenyewe, lakini mbele ya ofisa wa mpakani huko aendako huchukuliwa kwanza kama kiumbe anayeweza kuwa na maradhi.

Ugonjwa unaoogopwa

Maradhi hayo hasa ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) limekuwa likikadiria kwamba ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao wakiwa Afrika na Asia, na kwamba karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni jambo la nadra mno. Kwa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka, idadi iliyokuwa kubwa mara nyingi kuliko ile iliyokuwa ikiripotiwa hospitalini.

Kati ya mwaka 2010 na 2015, mradi ulioratibiwa na WHO ulichanja mbwa katika wilaya za kusini mashariki mwa nchi, ikiwemo mikoa ya Pwani, Lindi, Mtwara, Morogoro na Dar es Salaam, pamoja na kisiwa cha Pemba. Matokeo ya Pemba yanaeleza vema kwa nini nchi nyingine huwa wakali mipakani. Ugonjwa ulitoweka kisiwani humo mwaka 2014, lakini mwaka 2016 ukaonekana tena baada ya kuingizwa kutoka nje ya kisiwa. Ilibidi kampeni ya chanjo ianze upya, na ugonjwa ukatokomezwa tena mwaka 2018. Kazi ya miaka kadhaa ilivurugwa na virusi vilivyovuka bahari pamoja na mnyama.

Nchi zilizokwisha kuutokomeza ugonjwa huo hazitaki yaliyoipata Pemba yazipate nazo. Ndiyo maana mnyama anayetoka Tanzania, ambako ugonjwa bado upo, hudaiwa uthibitisho zaidi kuliko anayetoka nchi isiyo nao.

Mpangilio usiovunjwa

Hatua ya kwanza ni utambulisho. Mnyama hupandikizwa chini ya ngozi ya shingo chipu ndogo ya kielektroniki, yenye ukubwa wa punje ya mchele, ambayo ndani yake mna namba ya tarakimu 15. Chipu hiyo sharti ilingane na viwango vya kimataifa vya ISO 11784 na 11785 ili mashine ya ukaguzi ya nchi yoyote iweze kuisoma.

Hatua ya pili ni chanjo ya kichaa cha mbwa, nayo hutolewa baada ya chipu kuwekwa, au siku hiyo hiyo mara tu baada ya kuwekwa. Hapa ndipo wengi hukwama. Mbwa aliyechanjwa katika kampeni ya kijiji kabla ya kuwekewa chipu huhesabiwa kwa sheria za Ulaya kuwa hajachanjwa, kwa kuwa hakuna kinachothibitisha kwamba cheti ni chake. Hulazimika kuchanjwa tena. Aidha, mnyama awe na umri wa wiki 12 au zaidi siku ya chanjo.

Hatua ya tatu ni kipimo cha damu. Siku 30 au zaidi baada ya chanjo, daktari wa mifugo huchukua damu, na seramu yake hupelekwa katika maabara inayotambuliwa na nchi ya kupokea. Miongoni mwa maabara zinazojulikana kwa kazi hiyo ni ile ya Nancy nchini Ufaransa na ile ya Chuo Kikuu cha Kansas State nchini Marekani. Kingamwili zikifikia uniti 0.5 za kimataifa kwa mililita moja au zaidi, mnyama amefaulu. Zikipungua, huchanjwa na kupimwa upya.

Baada ya hapo ni kusubiri. Kwa nchi za Umoja wa Ulaya, mnyama anayetoka katika nchi isiyo kwenye orodha zao, Tanzania ikiwa mojawapo, hawezi kuingia kabla ya miezi mitatu kupita tangu siku damu ilipochukuliwa. Jumla ya siku 30 na miezi mitatu ni takriban miezi minne. Mwenye kuongeza mwezi mmoja wa tahadhari, kwa ajili ya majibu kuchelewa au kipimo kurudiwa, ataona kwamba miezi mitano si mingi. Kwa sababu hiyo hiyo, mtoto wa mbwa au paka hawezi kuingia Ulaya akitokea Tanzania kabla hajafikisha umri wa takriban miezi saba.

Kila nchi na masharti yake

Uingereza iliwahi kuwa na sharti la kumtenga mnyama karantini kwa miezi sita. Sharti hilo lilianza kulegezwa mwaka 2000 kwa mpango wa pasipoti za wanyama, na tangu mwaka 2012 utaratibu wake unafanana na wa Ulaya, wa kipimo cha damu na miezi mitatu ya kusubiri. Hata hivyo, mnyama anayeingia huko kwa ndege kwa kawaida husafirishwa kama mzigo wenye hati zake, wala si ndani ya sehemu ya abiria. Mbwa pia hupewa dawa ya tegu kati ya saa 24 na 120 kabla ya kufika. Ireland, Finland, Malta na Norway nazo hudai dawa hiyo.

Marekani ilibadili kanuni zake kuanzia Agosti 1, 2024. Mbwa sharti awe na umri wa miezi sita au zaidi, awe na chipu, na mwenyewe ajaze fomu ya Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa (CDC). Tanzania, Zanzibar ikiwemo, iliwekwa katika kundi la nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa. Kwa mbwa aliyechanjiwa nje ya Marekani, hilo humaanisha cheti maalumu cha chanjo kilichothibitishwa na daktari wa serikali, kutua katika uwanja wa ndege wenye kituo kilichosajiliwa na CDC, na matokeo ya kipimo cha damu. Damu hiyo ichukuliwe siku 28 au zaidi kabla ya kuingia. Asiye na kipimo hicho hukaa karantini kwa siku 28 kwa gharama ya mwenyewe. Kanuni hizo za CDC zinawahusu mbwa. Paka hutakiwa kuonekana mwenye afya, ingawa majimbo huweza kuwa na masharti yake.

Australia haipokei mbwa wala paka moja kwa moja kutoka Tanzania. Hulazimika kupitia nchi iliyoidhinishwa nayo, na wakifika hukaa karantini katika kituo cha Mickleham, karibu na Melbourne. Nchi nyingi nyingine, zikiwemo za Ghuba na majirani wa Afrika Mashariki, hutoa kibali cha kuingiza mnyama kabla hajaondoka kwao. Mwenye mnyama hupaswa kuanza kwa kuuliza ubalozi au mamlaka ya mifugo ya nchi aendako, kwa kuwa kanuni hubadilika.

Aina ya mbwa nayo huangaliwa. Uingereza na Australia, kwa mfano, haziruhusu mbwa aina ya pit bull kuingia.

Hati za nyumbani

Kwa upande wa Tanzania, shughuli hizi ziko chini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi, kupitia Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 ndiyo inayosimamia uingizaji na usafirishaji wa wanyama nje ya nchi. Daktari anayemhudumia mnyama awe amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, kwani saini ya asiyesajiliwa haina uzito popote.

Cheti cha afya hutolewa siku za mwisho. Kwa Ulaya, cheti kilichosainiwa na daktari wa serikali hudumu siku 10 tu kabla ya kuingia. Mtu wa Mbuchi azitazame siku hizo kwa makini. Kutoka delta hadi Dar es Salaam kuna safari ya kupanga: boti hufuata maji kupwa na kujaa, na masika ya Machi hadi Mei huharibu barabara. Kutoka mji wa Kibiti peke yake hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 140. Ni busara mnyama afikishwe jijini kabla cheti hakijaandikwa, wala si baada yake.

Suala la chanjo kuharibika kwa joto pia lina ufumbuzi. Kwa desturi chanjo hutunzwa katika nyuzi joto 2 hadi 8, jambo gumu pasipo na friji. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba chanjo mojawapo ya mbwa iliendelea kufanya kazi baada ya kukaa miezi sita katika nyuzi 25, au miezi mitatu katika nyuzi 30. Matokeo hayo ni faraja kwa vijiji vya mbali, ingawa mwenye kusafiri bado hushauriwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji ili cheti chake kisitiliwe shaka.

Sanduku na safari yenyewe

Mashirika ya ndege hufuata kanuni za wanyama hai za Chama cha Kimataifa cha Usafiri wa Anga (IATA). Sanduku sharti liwe imara, lipitishe hewa pande zake, lisivuje, na limwezeshe mnyama kusimama wima, kugeuka na kulala kwa namna yake ya kawaida. Ndani huwekwa chombo cha maji kinachoweza kujazwa kutoka nje, na nje hubandikwa jina na simu ya mwenyewe.

Mnyama azoeshwe sanduku hilo wiki kadhaa kabla, alishwe na kulazwa humo mlango ukiwa wazi. Mbwa aliyezoea kuzunguka shambani bila kamba huweza kujiumiza akifungiwa kwa mara ya kwanza uwanjani. Dawa za usingizi hazishauriwi, kwa kuwa huweza kuvuruga upumuaji na mapigo ya moyo angani. Mbwa na paka wenye pua fupi wako hatarini zaidi, na baadhi ya mashirika huwakataa.

Ikiwa haiwezekani

Si kila familia itamudu gharama za chipu, maabara na mzigo wa ndege. Anayeamua kumwacha mnyama amkabidhi kwa mtu anayejulikana, akiwa amechanjwa na cheti chake kikiwa mkononi mwa mlezi mpya. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 humtaka mwenye mnyama amtunze. Mbwa anayeachwa azurure hukosa chanjo ya mwaka unaofuata, na wataalamu husema ugonjwa huzuilika pale tu asilimia 70 ya mbwa wanapokuwa wamechanjwa.

Mtu yeyote akiumwa na mbwa au paka asiyejulikana hali yake, aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha awahi hospitali kupata chanjo siku hiyo hiyo. Kwa wakazi wa delta, ambao hospitali kwao huweza kuwa safari ya boti, kusubiri dalili ni kuchelewa.