Mashine ya kuchuma chai imeingia shambani: mchumaji afundishwe nini, na nani alipe?

Mwezi Mei 2023, katika kaunti ya Kericho magharibi mwa Kenya, waandamanaji waliingia kwenye mashamba makubwa ya chai na kuteketeza mashine za kuchumia majani. Hasira hiyo haikuanza siku hiyo. Miaka mingi kabla, Oktoba 2010, chama cha wafanyakazi wa mashambani, KPAWU, kilikuwa kimeitisha mgomo, na mashine hizo hizo zilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa. Katika miaka yote hiyo, makampuni yaliendelea kuzinunua.

Makala haya yanaeleza jambo ambalo husemwa sana kwenye mikutano ya waajiri lakini mara chache hufafanuliwa kwa mchumaji mwenyewe: kampuni inaposema "itawaandaa wafanyakazi kwa kazi za kesho", maana yake ni nini, na sheria inasema nini.

Kwanza, mashine yenyewe

Mchumaji wa mikono huchuma majani mawili na chipukizi, anatupa kapuni, na jioni analipwa kwa kilo. Mashine ya kubebwa hushikwa na watu wawili, mmoja kila upande wa mstari wa michai. Ina injini ndogo ya petroli na kisu kinachokwenda kulia na kushoto, na upepo wake husukuma majani hadi kwenye mfuko mrefu unaoburutwa nyuma. Mara nyingi mtu wa tatu huushika mfuko huo. Zipo pia mashine kubwa za kuendeshwa juu ya michai, lakini hizo hutaka ardhi isiyo na mteremko mkali.

Mashine haina macho. Inakata kila kilicho juu ya kisu chake, pamoja na vijiti na majani yaliyokomaa. Ndiyo maana wanaosema kwamba mashine haihitaji ujuzi wanakosea. Uso wa michai usipokuwa sawasawa, mzigo unaofika kiwandani ni mchafu na bei yake inashuka. Kisu butu hurarua jani badala ya kulikata. Na mashine ikikata chini mno, mchai wenyewe hudhoofika.

Kwa hiyo kazi mpya zipo: kuendesha, kunoa visu, kutengeneza injini, kupogoa na kusawazisha uso wa michai, kupanga siku za kurudia kila shamba, kuchambua majani kiwandani, kusoma mizani ya kielektroniki na kuingiza kumbukumbu kwenye simu. Mchumaji wa miaka kumi anayajua majani kuliko fundi yeyote aliyetoka mjini. Asichokijua ni injini, na injini hufundishika.

Hesabu isiyosemwa

Hata hivyo, tuseme ukweli. Watu wawili au watatu wenye mashine moja hufanya kazi ya wachumaji wengi kwa siku. Kampuni ikiwafundisha wachumaji wake wote kuendesha mashine, wengi wao watabaki na ujuzi usio na kazi ya kuufanyia. Mpango wa mafunzo unaotaja uendeshaji wa mashine peke yake ni mpango wa wachache.

Na wachache hao ni akina nani? Kuchuma kwa mikono ni kazi ambayo wanawake wengi wameifanya na kulea familia nayo. Mashine ni nzito, inatetemeka, na wasimamizi wengi huona ni jambo la kawaida kumwita kijana wa kiume. Hakuna anayetangaza kwamba wanawake hawatakiwi; inatokea tu kwamba orodha ya mafunzo inatoka ikiwa na majina ya wanaume. Kunoa visu, kuendesha mizani, kuchambua majani, kutunza vitalu na kusimamia kumbukumbu si kazi za nguvu za mabega. Chama cha wafanyakazi kinapokaa na mwajiri kuandika makubaliano ya pamoja, hapo ndipo pa kudai nafasi hizo zitajwe kwa idadi, si kwa maneno ya jumla.

Mafunzo yanayofaa huanza kabla mashine haijashushwa kwenye lori. Kampuni huorodhesha kazi zitakazopungua na zitakazozaliwa, kisha humwuliza kila mfanyakazi anajua nini tayari. Majibu mara nyingi hushangaza: mchumaji mmoja hushona nguo jioni, mwingine hutengeneza pikipiki, mwingine ni karani wa chama cha akiba. Mafunzo hufanyika saa za kazi na mshahara ukiendelea, kwa sababu mtu anayelipwa kwa kilo hawezi kuacha kuchuma wiki mbili akasome bila kula. Yafanyike kwa Kiswahili au lugha ya nyumbani, mkono ukiwa kwenye chombo. Kijitabu cha Kiingereza cha mtengenezaji hakimfundishi mtu aliyeishia darasa la sita.

Jambo la mwisho katika hili ndilo waajiri hulikwepa zaidi: cheti. Ujuzi unaojulikana na msimamizi mmoja tu hufa siku unapotoka kwenye geti la kampuni hiyo. Mwajiri anahofu kwamba akikupa cheti utahama. Hofu hiyo ina msingi, lakini kwa mtu ambaye huenda akapunguzwa kazini, cheti ndicho chenye thamani.

Pesa ya mafunzo iko wapi

Nchini Kenya, mwajiri hulipa shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi kama tozo ya mafunzo ya viwandani. Pesa hiyo hutoka kwa mwajiri. Haipaswi kukatwa kwenye mshahara wako. Husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, na mwajiri aliyewafundisha watu wake anaweza kuomba arudishiwe gharama, mradi awe ameomba idhini kabla ya mafunzo kuanza. Kwa hiyo kampuni ikisema haina fedha za mafunzo, swali la kuuliza kwenye kikao ni hili: mwaka jana mliomba kurudishiwa kiasi gani?

NITA pia huendesha mitihani ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza. Fundi aliyejifunza kwa kushika kazi, bila kupita chuoni, anaweza kufanya mtihani huo.

Tanzania ina mashamba ya chai Mufindi, Njombe na Rungwe, lakini utaratibu wake ni tofauti. Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi kwa asilimia ya mishahara. Julai 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Lakini wafanyakazi wanaofanya kilimo pekee shambani hawahesabiwi katika tozo hiyo, tofauti na wale wa kiwandani. Mwajiri wa shamba anapata nafuu, na mchumaji anabaki nje ya hesabu ya mfuko wa ujuzi. Ni ajabu kidogo, ukizingatia ni nani mashine inamfuata kwanza. Kwa anayetaka cheti, VETA ina mpango wa urasimishaji ujuzi, unaompima mtu aliyejifunza kazi nje ya chuo na kumpa cheti.

Ikiwa nafasi haipo

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inaeleza kinachotakiwa kabla ya mtu kupunguzwa kazini. Ikiwa ni mwanachama, chama na afisa wa kazi wa eneo wapewe taarifa angalau mwezi mmoja kabla, ikieleza sababu na ukubwa wa upunguzaji. Asiye mwanachama hupewa taarifa yeye mwenyewe kwa maandishi, na afisa wa kazi pia aarifiwe. Katika kuchagua nani aondoke, mwajiri anatakiwa azingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mtu. Neno "ujuzi" hapo lina uzito: aliyenyimwa mafunzo jana anaweza kuambiwa leo kwamba ujuzi wake hautoshi. Tunza kumbukumbu ya kila mara ulipoomba kufundishwa, hata ikiwa ni ujumbe wa simu kwa msimamizi.

Malipo ya kuachishwa si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Aliyechuma miaka 12 anastahili angalau siku 180, mbali na likizo ambazo hakuchukua na mwezi wa notisi. Makubaliano ya chama yanaweza kutoa zaidi. Piga picha kwa simu barua yako ya ajira, hati za malipo na kadi ya chama, kisha mtumie nakala mtu wa nyumbani, simu hupotea. Pasipo barua, hati za malipo ndizo za kwanza kuulizwa ofisini kwa afisa wa kazi.