Mizani ya Ruzuku: Jinsi Msaada wa Serikali kwa Wakulima Ulivyopimwa katika Mikataba ya Biashara

Neno ruzuku ni ndugu wa riziki. Yote mawili yametoka katika shina moja la Kiarabu, na kitenzi kuruzuku kilihusu neema ya Mungu kabla ya kuhusu hazina ya serikali. Neema haina mizani. Fedha za hazina zilianza kutafutiwa mizani katika miaka ya 1960, na makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mizani iliyopatikana ilikuwa tunda la mapatano, na kwamba miaka iliyochaguliwa kuwa mwanzo wa hesabu ndiyo iliyoamua ni nani angeruhusiwa kuwategemeza wakulima wake.

Mkataba wa GATT wa mwaka 1947 uligusa kilimo kwa mkono mwepesi. Mwaka 1955 Marekani ilipewa ruhusa maalumu ya kuendelea kuzuia uingizaji wa mazao kadhaa, na tangu hapo mataifa mengine hayakuona sababu ya kujibana. Jaribio la kwanza la kupima lilitoka Ulaya. Katika Duru ya Kennedy (1964-1967), Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya, ambayo mambo yake ya kilimo yaliongozwa na Mholanzi Sicco Mansholt, ilipendekeza kila nchi ihesabu kiasi cha msaada wake, yaani tofauti kati ya bei anayoipata mkulima na bei ya rejea ya dunia, kisha kiasi hicho kifungwe kisipande. Wamarekani walikataa, kwa kuwa waliona kwamba kuifunga kinga ya Ulaya namna hiyo kulikuwa ni kuihalalisha. Pendekezo likafa, wazo likabaki.

Mwaka 1973 mchumi Mwingereza Timothy Josling, akiliandikia Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, alilipanua wazo hilo. Aliuliza: kama ushuru, bei rasmi na vizuizi vyote vingeondolewa, mkulima angepaswa kulipwa fedha kiasi gani ili mapato yake yasipungue? Swali hili lina nguvu kwa sababu linaufichua msaada usioonekana katika bajeti. Ushuru wa forodha hautoi senti moja hazinani, ila unampandishia mkulima bei, na anayelipa ni mnunuzi wa chakula sokoni. Katika miaka ya 1980 shirika la OECD, lenye wanachama wengi wa nchi tajiri, lilianza kutumia kipimo hicho kwa wanachama wake.

Wajumbe wa Duru ya Uruguay, iliyofunguliwa Punta del Este Septemba 1986, waliazima kipimo hicho lakini wakakibadilisha moyo. Kipimo cha Josling hutumia bei ya dunia ya mwaka unaohusika, nayo hupanda na kushuka pamoja na mavuno na thamani ya dola. Hakuna serikali iliyokuwa tayari kushtakiwa kwa sababu dola imeshuka. Kwa hiyo bei ya rejea ikagandishwa kwenye wastani wa miaka 1986-1988, miaka ambayo bei za dunia zilikuwa chini mno. Kwa mujibu wa Mkataba wa Kilimo uliotiwa saini Marrakech Aprili 1994, huchukuliwa bei iliyotangazwa na serikali, hutolewa bei hiyo iliyogandishwa, na jibu huzidishwa kwa kiasi cha mazao yanayostahili kupata bei ya serikali. Malipo yanayodhaniwa kutopotosha biashara yaliwekwa katika sanduku la kijani. Yale yanayoambatana na kupunguza uzalishaji, katika sanduku la buluu, ambalo ni zao la mazungumzo ya Marekani na Ulaya huko Blair House, Novemba 1992. Yaliyobaki yaliingia katika sanduku ambalo Kifaransa hulipa rangi ya chungwa na Kiingereza rangi ya kaharabu. Ndilo lililowekewa kikomo: nchi tajiri zilitakiwa kupunguza jumla yake kwa asilimia 20 katika miaka 6 tangu 1995.

Kasoro ilidhihirika upesi. Mwaka 1998 Japani iliacha kuihesabu bei rasmi ya mchele kuwa bei ya kuwategemeza wakulima, na jumla ya msaada wake ikaporomoka kutoka zaidi ya yen trilioni 3 hadi chini ya trilioni 1. Mchele wa kigeni uliendelea kuzuiwa mpakani, na mwaka uliofuata kizuizi kikageuzwa kuwa ushuru mzito. Hesabu ilishuka bila kinga kushuka.

Huko India mambo yalikwenda kinyume. Bei ya serikali ya mchele imepanda pamoja na mfumuko wa bei, huku bei ya rejea ikiwa ile ya 1986-1988. Kwa msimu wa 2018/19 India ilitangaza msaada wa dola bilioni 5 kwa mchele wenye thamani ya karibu bilioni 44, ikavuka kikomo cha asilimia 10. Kilichoikinga isishtakiwe ni uamuzi wa muda uliofikiwa Bali Desemba 2013 kuhusu akiba za chakula.

Tatizo zito zaidi, kwa maoni yetu, ni lile la mwanzo wa hesabu. Waliokuwa na msaada mkubwa katika 1986-1988 walipewa haki ya kubaki na asilimia 80 yake. Katika miaka hiyohiyo bodi nyingi za mazao barani Afrika zilimlipa mkulima chini ya bei ya kuuza nje, yaani zilimtoza badala ya kumsaidia, na nchi hizo hazikuwa na kiasi cha kuandikisha. Nchi yetu iliingia katika Shirika la Biashara Duniani tarehe 1 Januari 1997, ikiitwa bado Zaire. Kwa kuwa ni miongoni mwa nchi maskini kabisa, ilisamehewa wajibu wa kupunguza kile ambacho haikuwa nacho. Kikomo cha asilimia 10 ya thamani ya kila zao, hata hivyo, kinaihusu. Mbegu na mbolea wanazopewa wakulima maskini hazihesabiwi, kwa kifungu cha 6. Bei ya mahindi iliyowekwa na serikali ili kumtegemeza mkulima, huhesabiwa.