Jinsi ya kudhibiti nyanya za vishada katika kivungulio

Wakulima wengi wa nyanya za vishada huchagua aina zenye nguvu zinazorefuka bila kikomo. Hata hivyo, nguvu hiyo isipodhibitiwa huishia kwenye majani badala ya matunda.

Dalili zake ni bayana. Majani ya juu hujikunja na kukolea rangi, na shina, likipimwa sentimita 15 chini ya ncha, huzidi unene wa milimita 12. Hapo mkulima apunguze mbolea ya nitrojeni na kuongeza ya potasiamu. Asiunyime mmea maji, kwani umwagiliaji usio thabiti husababisha matunda kuoza kitako.

Kila mmea uachiwe shina moja lililofungwa kwa kamba, na machipukizi ya pembeni yaondolewe kila wiki yakiwa machanga. Kwa kuwa ndani ya kivungulio hakuna upepo wa kutosha, kamba zitikiswe kila asubuhi ili chavua idondoke. Kishada kibakishiwe matunda matano au sita, yapate kulingana na kuiva karibu pamoja.

Faida imo humo. Kishada huuzwa kizima, na tunda moja likidondoka au kuoza, chote hupoteza bei.